Jinsi Fuko Alivyobishiwa Hodi

Paukwa!

Pakawa.

Wa kule nyuma sijawasikia. Siendi popote bila wao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko wote.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa yao na majirani zao kama sisi tulivyo, palikuwa na kilima cha udongo mwekundu. Muhanga alikuwa amepita hapo. Mnamjua muhanga? Yule mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Alichimba shimo, akala mchwa, akachoka. Akachimba shimo jingine, akala mchwa, akachoka. Akachimba, akala, akachoka, kisha akaenda zake. Mashimo akayaacha wazi. Wanyama wakaja, kila mmoja akashika lake, akalifagia, akalitandika majani, likawa nyumba.

Shimo la juu akalishika Ngiri na mkewe. La pili akalishika Kenge, mjusi mkubwa anayependa jua. La kando, lenye mlango mpana, akalishika Mama Kobe. Nungunungu, aliyefiwa na mume na kubaki na binti mmoja, akalishika la chini kabisa. Na chini ya hilo la chini kabisa, mahali ambapo hata muhanga hakufika, Fuko alijichimbia mwenyewe, yeye na mkewe na watoto wao. Fuko ni mdogo kama ngumi mbili. Haoni. Maisha yake yote yako ndani ya udongo.

Kila mtu na nyumba yake. Lakini palikuwa na vitu vya wote. Njia ya kisimani ilikuwa ya wote, na mfereji ulikuwa wa wote. Mfereji ulizunguka kilima ukayageuza maji ya mvua, yasiingie milangoni. Kila mwenye nyumba alisafisha kipande chake. Kipande kimoja kikiziba, maji yanarudi yanaingia kwa mwingine. Kwa hiyo wakaunda Chama cha Wenye Mashimo, na Ngiri wakampa uenyekiti, kwa sababu alikuwa na sauti nene na kwa sababu alikuwa na gogo.

Gogo hilo lilikuwa kavu, lenye uvungu ndani, limelala juu ya mawe mawili. Ngiri akitaka watu, analigonga kwa meno yake. Ko, ko, ko. Sauti inapanda na upepo, inavuka kisima, inafika ng'ambo. Watu wanakuja. Gogo likilia ni kikao. Gogo likilia ni kusafisha mfereji. Gogo likilia ni hatari. Ngiri alilipenda gogo lile. Alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Watu wote walikuja gogo likilia, isipokuwa Fuko. Kikao cha kwanza hakuja. Cha pili hakuja. Mwaka ukapita, Fuko hajaonekana. Kenge akasema huyo anajiona. Mama Kobe akasema labda hakufundishwa adabu kwao. Nungunungu hakusema neno. Yeye alikuwa mnyamavu, na kwenye kikao alikaa nyuma peke yake ili miiba yake isimchome mtu. Lakini moyoni alikubaliana nao. Tena yeye alikuwa na chuki yake zaidi. Tangu mumewe afe, jioni zilikuwa ndefu kwake. Alilala akiwaza kwamba chini yake tu, upana wa ukuta, kuna jirani, na jirani huyo hajawahi kumwambia hata umeshindaje.

Siku moja mchana wingu likaja, jeusi, limebeba. Ngiri akakimbilia gogo. Ko, ko, ko! Watu wakatoka mbio, huyu anachakura, huyu anasukuma tope, huyu anazoa majani. Vipande vyote vikasafika ila kimoja, cha Fuko. Hicho kilikuwa kimejaa udongo mwekundu uliorundikwa katikati ya mfereji kama mtu anayejenga. Kabla hawajakifikia, mvua ikaanguka. Maji yakaja na mfereji, yakafika kwenye kipande cha Fuko, yakakosa njia, yakageuka. Shwaa, yakaingia kwa Nungunungu.

Nungunungu alimsukuma bintiye nje kwa pua. Wakajibanza mlangoni kwa Mama Kobe mpaka mvua ikakatika. Waliporudi, kitanda cha majani kilikuwa tope. Binti akauliza watalala wapi. Mama yake akaanza kulizoa tope kwa miguu.

Kesho yake kikao kikaitwa. Ngiri alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya kumwonea uchungu mama mwenye mtoto. Wakazungumza, wakakubaliana. Fuko aondoke kilimani. Sasa nani amwambie? Kwa gogo Fuko haji. Chiriku, ndege aliyekaa kwenye kichaka cha juu na kusikia mambo ya watu wote, akasema angeenda, ila haingii mashimoni. Wote wakamgeukia Nungunungu. Yeye ndiye jirani, na yeye ndiye aliyekosewa. Nungunungu akakubali. Njiani akayapanga maneno yake, akayarudia, yasije yakampotea.

Alipofika mlangoni kwa Fuko, alikuta kichuguu kidogo cha udongo mbichi na tundu ambalo hata mguu wake haukuenea. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga hodi kwa sauti zaidi. Kimya. Akaingiza pua tunduni, akaita, Fuko, Fuko. Harufu ya mizizi iliyolowa ikamjia. Hakuna aliyejibu.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Hasira ya kitanda cha tope, na ya zile jioni zote. Na nungunungu akikasirika hana matusi. Ana miguu. Akaanza kupiga ardhi kwa mguu wa nyuma. Ti. Ti. Ti, ti, ti. Miiba mgongoni chaka, chaka, chaka.

Udongo ukatikisika. Ukapasuka. Kichwa kikatokea mbio mbio, kimejaa matope, meno mbele, macho hayapo.

"Karibu," Fuko akasema huku anahema. "Karibu sana. Ni nani?"

"Ni mimi Nungunungu. Jirani yako wa juu."

Fuko akapangusa matope puani, akasema, "Kumbe hodi unaijua."

Nungunungu hakuelewa. Fuko akamweleza. Kwao mafuko, sauti ya nje haiingii ndani. Maneno yanayotembea kwenye hewa yanaishia mlangoni. Kwao mtu hupiga hodi kwa paji la uso, anagonga ukuta, na mwenzake anaisikia kwa tumbo, naye anagonga.

"Tangu tuhamie hapa nakubishia hodi," akasema. "Kila jioni. Nagonga ukuta wako, ti, ti, halafu nasubiri. Mke wangu ananiambia acha, watu hawa hawatutaki. Mimi namwambia labda leo atajibu."

Jamani, Nungunungu alisimama pale akakumbuka. Alikuwa anaisikia. Kila jioni, akishalala, kitu kidogo kiligonga chini ya kitanda chake. Aliwahi hata kumwambia bintiye asiogope, ni udongo tu unapoa. Miiba yake yote ikalala chini kama nyasi zilizopitiwa na maji.

Akamwuliza kama halisikii gogo. Fuko akauliza gogo gani. Akamwuliza kuhusu vikao. Fuko akauliza vikao gani. Akamwuliza kwa nini amerundika udongo kwenye mfereji, na Fuko akashangaa. Hakujua kama ule ni mfereji. Alidhani ni bonde dogo lisilo na mwenyewe, na mtu anayechimba kila siku lazima awe na pa kumwaga udongo.

"Maji yaliingia kwako?" Fuko akauliza.

"Yaliingia."

"Basi nisamehe, jirani. Na kwetu yalishuka. Tuliwabeba watoto chumba hata chumba. Mdogo wao bado hajapata joto. Mama yake amemlalia tangu jana."

Nungunungu alikuwa na yale maneno mdomoni. Angeweza kuyameza arudi zake. Lakini aliona kwamba mtu huyu amesemwa siku nyingi sana bila kuambiwa, na kumficha tena ingekuwa kumsema tena. Akamwambia yote, kwamba kikao kimekaa, kwamba kimeamua, kwamba yeye ametumwa. Fuko alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akasema kama ndivyo walivyoamua, haya, ila anaomba wamwache mpaka mtoto akauke.

"Usifunge mzigo kwanza," Nungunungu akasema.

Watu wanajua nungunungu ana miiba mgongoni. Wachache wanajua kwamba tumboni ana manyoya laini, meupe. Akakaa chini pale pale, akayang'oa kwa meno yake, fungu baada ya fungu, akayapenyeza tunduni. Fuko akayapokea akashuka nayo. Baada ya muda ardhi chini ya Nungunungu ikasema, ti, ti. Naye akanyanyua mguu, safari hii taratibu, akajibu.

Akarudi kwenye kikao. Na yeye ambaye hakuwa na desturi ya kusema, alisimama mbele akasema. Akawaeleza yote aliyoyakuta. Ngiri uso ukabadilika. Alidhani gogo lake linatukanwa. Akasema gogo hili linasikika mpaka ng'ambo ya kisima. Nungunungu akamjibu kwa upole kwamba ni kweli, linasikika ng'ambo ya kisima, ila kwa Fuko halisikiki.

Basi mambo yakafunguka. Kenge akasema kumbe dawa ni kubadili, watu wachore alama kwenye jiwe la kisimani, kila mtu anapita hapo. Chiriku akasema dawa ni yeye mwenyewe, atazunguka mlango hata mlango. Ngiri akasema dawa ni gogo kubwa zaidi. Wakabishana mpaka jua likahama. Mwisho wakakubaliana wajaribu.

Wakaanza na Chiriku. Ngiri akampa neno fupi, kesho asubuhi tunasafisha mfereji. Chiriku akaruka, puruu, akatua kwa Mama Kobe. Lakini kabla ya neno la mfereji akamweleza jinsi Kenge anavyolala mdomo wazi. Akamweleza Kenge alivyogombana na kivuli chake. Mama Kobe akacheka, akacheka, na neno la mfereji lilipokuja mwishoni, likapita pamoja na kicheko. Kesho yake hakuonekana. Kenge naye akasikia kwamba analala mdomo wazi, akanuna.

Wakajaribu jiwe. Kenge akachora kwa ukucha, akachora vizuri, maana alikuwa na mkono mzuri. Duara ni kikao, mistari ni mfereji. Lakini Ngiri akienda kisimani macho yake yako kwenye maji. Alipita mara hii na mara ile, hakuona kitu. Nungunungu huenda kisimani giza likishaingia. Na Fuko haendi kisimani, wala haoni.

Wakarudi kwenye gogo, wakarudi kwenye ugomvi. Kila mmoja akashika chake. Ngiri akataka wapige kura, kimoja kishinde, vingine vitupwe. Hapo Nungunungu akasema kwa mara ya pili.

"Tumeulizana nani ana sauti nzuri," akasema. "Hatujaulizana nani anasikia vipi. Nipeni nafasi niulize."

Wakampa, labda kwa kuchoka.

Akapita nyumba hata nyumba. Hakuuliza unataka chombo gani. Aliuliza tu, wewe habari inakufikiaje? Na watu wakiulizwa hivyo, wakiwa peke yao, mlangoni kwao, husema mambo ambayo kwenye kikao hawayasemi.

Mama Kobe alimwambia kwamba gogo analisikia vizuri sana. Shida ni miguu. Akisikia gogo anaondoka, na akifika kikao kinafungwa. "Wananiuliza umekubali, mama? Nasema nimekubali. Sijui nimekubali nini," akasema, na machozi yakamlenga. Yeye angependa aambiwe jana yake.

Kenge alikiri kwamba asubuhi ya baridi mwili wake hauamki mpaka jua limpige. Gogo likilia mapema analisikia kama mtu aliye ndotoni. Anafika jua likishapanda, na watu wanadhani ni mvivu.

Kwa Ngiri alimkuta mkewe. Mke wa Ngiri akacheka, akaangalia huku na huku, akamnong'oneza kwamba mzee sikio la kushoto halisikii tena. Limekufa kwa kugonga gogo. Ukitaka akusikie, kaa kulia kwake. Hajamwambia mtu, anaona haya.

Nungunungu aliyabeba yote hayo, na mengine hakuyatoa kikaoni kabisa, maana hayakuwa ya kikao. Alichosema ni hiki. Gogo libaki, lakini liwe la hatari tu, ili likilia kila mtu ajue ni mbio. Jiwe libaki, liwe la mambo yanayoweza kusubiri, na Kenge achore jana yake, jua likiwa bado lipo. Chiriku azunguke kwa wasiofika kisimani, na aseme neno alilotumwa kwanza, hadithi zake baadaye. Kwa Fuko yeye mwenyewe Nungunungu atapiga mguu. Na habari nzito, za kifo, za ugonjwa, za kumwambia mtu amekosa, hizo zisigongwe, zisichorwe, zisipeperushwe. Hizo mtu aende kwa miguu yake, akae, azungumze.

"Na jambo la mwisho," akasema. "Mwenye kutuma neno asihesabu kwamba amelituma mpaka ajibiwe."

Ngiri akafikiri. Nungunungu alikuwa amesimama kulia kwake, naye Ngiri alikuwa amelisikia kila neno. Akasema sawa.

Mvua kubwa ikaja mwezi huo huo. Ilikuja alasiri, na upepo mbele. Gogo likalia. Mama Kobe alikuwa ameshaanza njia tangu jana yake, maana Kenge alichora mawingu kwenye jiwe, na sasa alikuwa amesimama kwenye kipande chake kama mwenye shamba. Kenge alikuwa na joto, akafika wa kwanza. Chiriku akaruka, akasema neno moja, akaruka tena. Nungunungu akapiga mguu. Ti, ti, ti. Wote wakasimama kusubiri, hata Ngiri, na mawingu yale juu ya vichwa vyao.

Kimya.

Akapiga tena. Bintiye akamshika mwiba mmoja pembeni, asijue la kufanya. Kisha wote wakaisikia, kwa nyayo zao, si kwa masikio. Ti, ti. Ti, ti. Si moja tu, nyingi, familia nzima inagonga.

Wakaingia kazini. Juu ya ardhi wakasikia udongo wa kipande cha mwisho unanyonywa kutoka chini, unashuka, unapungua, mpaka mfereji ukaonekana tumbo lake. Mvua ikaanguka. Maji yakaja yakinguruma, yakafika kwenye kipande cha Fuko, yakapita. Shwaa, yakaenda bondeni. Usiku huo Nungunungu na bintiye walilala pakavu.

Asubuhi Ngiri alishuka kilima peke yake. Alikuwa na neno la kusema, na neno lenyewe lilikuwa zito, kwa hiyo alikwenda kwa miguu yake. Alisimama kwenye tundu la Fuko. Akanyanyua kwato, akapiga. Lakini Ngiri ni Ngiri. Alipiga kama anavyopiga gogo, na nusu ya kichuguu ikaporomoka ndani. Fuko akatokea, udongo umemjaa puani, anapiga chafya. Ngiri akaona aibu. Akapiga magoti, kama ngiri wanavyopiga magoti wakila majani, mpaka kichwa chake kikubwa kikawa sawa na kichwa kidogo cha Fuko.

"Nilikuhukumu bila kukuita," akasema. "Nilidhani nimekuita."

"Na mimi nilidhani nyinyi hamtaki kunijibu," akasema Fuko. "Karibu. Kwetu hutaenea, lakini mtoto wangu yu hai. Nitamleta umwone."

Akashuka, akarudi na kitoto hakina hata manyoya, kimezungushiwa nywele nyeupe laini. Ngiri akakinusa taratibu sana, akiogopa pumzi yake mwenyewe.

Kikao kilichofuata Fuko alikuja. Alikaa karibu na Nungunungu, na Nungunungu akamnong'oneza ni nani anayesema, na jua liko wapi. Zamu yake ilipofika, alisimama. Basi ikaonekana Fuko alikuwa na maneno ya mwaka mzima. Alisema kuhusu mizizi. Alisema kuhusu udongo wa mfinyanzi na udongo wa kichanga. Alisema kuhusu shemeji yake aliyehamia upande wa pili wa bonde. Mama Kobe alisinzia. Kenge alisogea lilikosogea jua. Ngiri aligeuza kichwa, akamtega Fuko sikio lake la kulia, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyemkata.

Wanangu, na nyinyi wazazi mliojifanya mmesinzia, funzo lake ndilo hili. Mkikaa pamoja, msichague njia ya kuitana kwa kutazama inayompendeza mwenye kuita. Tazameni kama inamfikia anayeitwa. Na jirani asipojibu, kabla hujamwita mwenye kiburi, nenda mlangoni kwake umwulize.

Mimi hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kikao cha Fuko, yeye bado anasema. Anayetaka kumsubiri amalize, abaki. Mimi nakwenda kulala.